Somo: Kuchapa vitambulisho vya wanafunzi hapo hapo shuleni

Shule nyingi za hapa Uganda hupeleka kazi hii Nasser Road, Kampala, kisha husubiri. Katibu wa shule anaweza kuifanya mwenyewe, ila asianze na printa. Kitambulisho kibovu huharibikia kwenye orodha ya majina.

1. Orodha. Tengeneza jedwali la Excel: jina la ukoo, majina mengine, kidato, namba ya usajili, jina la faili la picha. Kwa sekondari, nakili majina kama yalivyo kwenye matokeo ya PLE (mtihani wa kumaliza shule ya msingi), herufi kwa herufi, ili Akello asije akawa Akelo halafu akasumbuka wakati wa kusajiliwa UNEB, baraza la mitihani la taifa. Safu ya namba iwe ya maandishi, la sivyo Excel itafuta sifuri za mbele. Kisha chapa orodha, ipeleke darasani, kila mtoto asahihishe jina lake kwa kalamu na atie sahihi. Hatua hii msiiruke hata kama mwalimu mkuu ana haraka.

2. Picha. Hapa ndipo watoto wetu wanapoonewa. Ukimsimamisha mtoto mweusi mbele ya ukuta mweupe, kamera ya simu hupima mwanga wa ukuta na uso unatoka giza tupu. Kwenye kadi unazidi kuwa mweusi. Tundika kitambaa cha samawati au kijivu, mtoto aelekee dirishani, gusa uso wake kwenye kioo cha simu, kisha ongeza mwanga kidogo. Mtoto ana haki ya kutambulika kwenye kadi yake.

3. Muundo. Kadi ni milimita 85.6 kwa 54, yaani pikseli 1011 kwa 638 ukichapa kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi). Acha milimita tatu pembeni bila maandishi.

4. Kuchapa. Jaribu kwanza kwenye karatasi ya kawaida, kata, linganisha na kadi halisi. Shika kadi kwa kingo tu: vumbi na mafuta ya vidole huacha madoa meupe. Chapa darasa moja, kagua, ndipo uendelee.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, sisi tuna printa ya wino tu, Epson L805. Itafaa?*
Itafaa, ndugu yangu, ukipata trei ya kadi na kadi za PVC (plastiki) zilizopakwa dawa ya kupokea wino. Kwenye PVC ya kawaida wino haushiki, unafutika kwa kidole.

*Umeme ukikatika katikati?*
Kadi iliyokuwa ndani imeharibika, itoe uirudie. Tafuta UPS (kifaa cha betri cha kushikilia umeme) kabla ya kuanza, maana utepe wa rangi, ule wa printa ya kadi unaotumika badala ya wino, ni ghali kuliko kadi.

*Tuweke NIN (namba ya kitambulisho cha taifa) na simu ya mzazi kwenye msimbo wa QR?*
Hapana, dada. Weka namba ya usajili peke yake. Mengine yabaki ofisini. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto, basi iombeni kwenye fomu ya kujiunga.

*Utepe uliokwisha tunatupa tu?*
Msiutupe mzima. Ufungue uuangalie kwenye mwanga: majina na namba za watoto zinasomeka pale zilipochapwa. Ukateni vipande vidogo kabla haujatoka ofisini.