Somo: Kupanga safari ya Machi kutazama mianga ya kaskazini, Abisko

Kabla ya tiketi, chagua anga. Mianga hii, yaani mwanga wa rangi unaocheza angani usiku (aurora), huwaka takribani kilomita 100 juu, mbali kabisa na mawingu, kwa hiyo wingu likitanda huoni kitu hata kama mbingu yote inacheza.

Hatua ya 1: Mahali. Mimi napendekeza Abisko, kaskazini mwa Uswidi, kando ya ziwa Torneträsk. Pepo za baharini humwaga unyevu wake kwenye milima ya magharibi, hivyo anga hapa mara nyingi ni wazi wakati pwani ya Norwei imefunikwa.

Hatua ya 2: Tarehe. Karibu na Machi 20, usiku na mchana vinapolingana, dhoruba za sumaku ya dunia, ambazo huipa mianga nguvu, hutokea mara nyingi zaidi, na baridi si ya Januari. Tafuta siku za mwezi mwandamo, usiku uwe na giza. Usichelewe: katikati ya Aprili giza totoro halipatikani tena.

Hatua ya 3: Lala angalau siku nne. Usiku mmoja ni kamari, na hapa ndipo wengi hupoteza pesa.

Hatua ya 4: Njia. Panda ndege hadi Kiruna, au treni ya usiku kutoka Stockholm iendayo Narvik, inasimama Abisko. Anayehitaji viza ya Schengen (ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, Uswidi ikiwemo) anaweza kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na asichelewe kupita siku 15 kabla yake. Bima ya matibabu iwe ya yuro 30,000 au zaidi.

Hatua ya 5: Nguo. Sufu igusane na ngozi, pamba hapana: ikilowa jasho inakugandisha. Buti ziwe na nafasi ya soksi nene.

MASWALI YA WANACHAMA

Programu ya simu inasema Kp (kipimo cha nguvu ya dhoruba za sumaku, 0 hadi 9) ni 2 tu. Nilale?
Usilale, ndugu. Abisko iko chini ya ukanda wenyewe wa mianga, Kp 2 inatosha. Angalia mawingu kwanza.

Mbona wengine wanasema waliona kijivu tu?
Mwanga ukiwa hafifu, jicho halipambanui rangi gizani. Kamera hukusanya mwanga kwa sekunde kadhaa, ndiyo maana picha ni kijani. Mwanga ukizidi nguvu, kijani utakiona kwa macho yako mwenyewe.

Simu inatosha?
Inatosha, dada, ikiwa na hali ya usiku na kisimamio. Ikae mfuko wa ndani. Baridi humaliza chaji upesi.