Acheni kuloweka mbegu za nyasi kwa asidi ya betri

Kila mvua ikikaribia napigiwa simu zilezile na watu wanaokaa Nairobi na wana ploti za nyasi Isinya, Kajiado, Kamulu huko, na stori ni moja: mbegu imelowekwa kwa asidi usiku kucha, ikamwagwa shambani, wiki tatu hakuna kitu imetoka. Sasa mtu anauliza ashtaki nani kwa kuuziwa mbegu feki. Haikuwa feki bana, uliiua wewe na jerikeni yako.

Najua hii kitu ilianzia wapi. Mtu amesikia mbegu ya brakiaria, ile nyasi ya mifugo, kina Mulato, huamshwa (yaani mbegu iliyolala isiyotaka kuota inafanywa iote) kwa asidi ya salfa, na ni ukweli, wanaotengeneza mbegu hufanya hivyo. Lakini hiyo ni asidi kali ya asilimia 95 na zaidi, na mbegu hukaa ndani dakika 10 hadi 15 mtu akiwa ameangalia saa, halafu inasuuzwa na maji mengi yanayotiririka mpaka asidi iishe kabisa. Dakika, sio masaa! Wewe umeenda Kirinyaga Road ukauziwa ya betri, ambayo asidi ni kama asilimia 35 na hiyo ingine yote ni maji, ukajiambia kwa vile ni nyepesi wacha ilale nayo mpaka asubuhi. Hapo ndipo pesa yako iliisha. Ile kali karibu haina maji, kwa hivyo inakula ganda la nje mbegu ikiwa bado kavu ndani, na ukitoa haraka kiini kinabaki salama. Ile ya betri mbegu inakunywa yale maji na maji yanaingia na asidi hadi kwa kiini, kufika asubuhi ganda bado liko na ndani kumekufa.

Kuna hata wale wanaichemsha kwa sufuria ati ipungue iwe kali. Tafadhali. Ule mvuke unachoma mapafu na macho. Na usianze kutafuta ile kali yenyewe pia, ukiimwagia maji juu inachemka papo hapo na kukurukia usoni, waachie wenye vifaa.

Sasa swali ambalo hamjiulizi: mbegu ilivunwa lini? Wengi wenu mnapanda nyasi ya Boma Rhodes na hiyo haina haja na asidi hata kidogo. Ile ya mvua ya Oktoba mnavuna Januari, Machi mko shambani mnapanda, miezi miwili tu, lazima iwe bado imelala! Iweke kwa gunia, pakavu, mbali na jua, ipande Oktoba, hapo itakuwa na miezi 9 na itajitokea yenyewe bila dawa. Ndata kivumbu, ile nyasi ya Ukambani, ndiyo mkaidi, inaweza kutaka hata mwaka.

Kama kungoja kumekushinda tumia potasiamu naitreti, ile mbolea ya kuyeyusha iliyoandikwa 13-0-46. Sio CAN na sio kalsiamu naitreti, soma pakiti, usikubali ya agroveti ya "hizi zote ni sawa". Kipimo ni gramu 2 kwa lita 1 ya maji. Mbili. Jerikeni ya lita 20 ni gramu 40, basi. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kinabeba gramu 5 na kitu, yaani kimoja kinakaribia kutosha lita 3, lakini mtu anachota kijiko cha supu kimejaa mlima anatia kwa lita moja kama anayeweka chumvi kwa githeri ya harusi. Ikizidi, mbegu inashindwa kuvuta maji na unarudi palepale pa asidi. Nunua kamizani ka gramu, ni bei rahisi kuliko hiyo mbegu.

Loweka kwa masaa 12, kutoka jioni hadi asubuhi, usipitishe masaa 24 manake huko ndani inakosa hewa. Suuza, tandaza kivulini mpaka iache kushikana, na uipande siku hiyohiyo kwa udongo uliolowa. Udongo ukiwa mkavu usiguse hiyo mbegu, manake ikishaanza kuamka halafu ikose maji hairudi kulala, inakufa. Loweka baada ya mvua kunyesha, sio baada ya redio kusema itanyesha.

Na kabla ya gunia zima, chukua mbegu kadhaa ubonyeze kwa kucha, kama ni ganda tupu bila punje ngumu ndani hakuna dawa ya kuamsha hewa. Zenye punje hesabu 100 kwa tishu iliyolowa maji ya potasiamu, 100 zingine kwa maji ya kawaida, zote usizikaushe. Mizizi ikitoka ndani ya wiki mbili uko sawa. Tishu zote mbili zikitoka sawasawa, mbegu yako ilikuwa imeamka kitambo, panda tu.

Maji ya potasiamu yakibaki mwagia sukuma wiki, ni mbolea. Ile asidi ya betri usiimwage kwa choo wala mtaroni, irudishe kwa fundi wa betri, na leo usiiache kwa chupa ya soda pale watoto wanafika.