Beseni la zege la ndege limechakaa? Lisafishe na ulizibe, usilitupe

Yale mabeseni ya zege ya ndege kuogea, yenye mguu na bakuli juu, utayakuta kwenye nyumba nyingi za zamani zenye bustani na mengi yameachwa tu, yameota ukijani, yana ufa, maji hayakai, mwisho mtu anasema tuvunje tutupe. Usitupe jamani. Zege likimwagwa vizuri linadumu miaka na miaka, na kulirudisha inataka simenti kidogo, mchanga safi na uvumilivu, na huo uvumilivu ndo watu wengi wanaukosa. Viraka vingi vinabanduka sio kwasababu simenti ni mbaya, vinabanduka kwasababu viliwekwa juu ya uchafu au vilikaushwa haraka.

Anza na kuosha. Mwaga maji yote, toa majani na tope la chini, alafu teremsha bakuli kutoka kwenye mguu wake. Muwe wawili, maana linaonekana dogo ila ni zito kwelikweli, na likidondoka ndo basi tena. Sugua kavu kwanza kwa brashi ngumu, ile ya plastiki ya kusugulia sakafu inatosha. Brashi ya waya tumia pale tu ukoko umegoma, tena taratibu, maana ukikwangua sana unatoa ule uso wa juu wa zege na kokoto zinabaki nje, hapo ukijani utarudi haraka kuliko mwanzo.

Ukijani ukishatoka, chukua jiki sehemu 1 na maji sehemu 9, jaza bakuli, acha kama robo saa, sugua tena alafu suuza mpaka harufu iishe kabisa, na uliache juani likauke. Sabuni ya unga mi siipendi kwa kazi hii, inaingia kwenye vitundu vya zege na kuitoa yote ni kazi, na sabuni inaondoa mafuta kwenye manyoya ya ndege. Kama unatumia maji ya kisima chenye chumvi, kama visima vingi vya huku Dar, utakuta ule ukoko mweupe umeganda kwenye mstari wa maji. Huo unalainika kwa siki iliyozimuliwa na maji nusu kwa nusu, paka, subiri dakika chache, sugua, suuza. Usiilaze usiku kucha, siki ni asidi na asidi inakula simenti. Na hili ulishike sana: siki na jiki visikutane, inatoka hewa ya sumu inayochoma mapafu. Ukitumia kimoja leo, suuza vizuri, kingine kifanye siku nyingine.

Sasa tafuta ufa ulipo. Lowanisha bakuli lote afu kaa ulitazame likikauka. Uso unakauka kwanza, ila kwenye ufa unabaki mstari mweusi wenye unyevu, na hapo utaona hata nyufa ambazo ulikuwa huzioni kabisa. Piga piga na mpini wa nyundo pia, pazima panalia kwa sauti kavu ngumu, ila kama kuna kiraka cha zamani kilichoachia utasikia mlio wa uwazi chini yake. Hicho king'oe chote, usikionee huruma, kuplasta juu ya kitu kilichoachia ni kupoteza simenti. Na ukiona alama za kutu ujue ndani kuna waya au nondo ambayo maji yameifikia, kutu inavimba na ndo inayopasua zege kutoka ndani. Chimbua mpaka uione, isugue kutu yote itoke, kama kipande kimeoza kikate.

Ufa mwembamba usiuzibe ulivyo, simenti haiingii. Ufungue kwa tindo na nyundo ndogo, kina kama sentimita 1, na kwa ndani uwe mpana kidogo kuliko juu ili kiraka kijifunge kisitoke. Piga pole pole, vaa miwani maana vipande vinaruka. Toa vumbi lote kwa brashi na maji.

Simenti iwe mpya, mfuko uliokaa stoo miezi na una mabonge usiutumie. Mchanga uwe wa mto, uchekeche uwe laini, na mchanga wa baharini acha kabisa, ile chumvi ndo chakula cha kutu. Kikombe 1 cha simenti kwa vikombe 3 vya mchanga, changanya kavu mpaka rangi iwe moja, ndo uanze kuongeza maji kidogo kidogo. Vaa glavu, simenti mbichi inaunguza ngozi. Ukikamata donge ukalibana mkononi linatakiwa lishikane bila kuchuruza maji, likiwa kama uji litasinyaa likikauka na utapata ufa mpya palepale. Hadweya wanauza pia dawa ya maji ya kuchanganya ili kiraka kishike vizuri kwenye zege la zamani, kama una hela ya ziada inasaidia, fuata tu maelezo ya kopo.

Kabla ya kujaza, mwagilia sehemu yote maji mpaka zege lishibe, alafu subiri yale yanayotuama yaishe. Zege kavu lina kiu, linanyonya maji yote ya kiraka chako na simenti inakosa maji ya kugandia, hapo ndo kiraka kinageuka unga ukikigusa na kucha. Paka kwanza uji mzito wa simenti tupu ndani ya ufa kwa brashi ndogo, na kabla haujakauka shindilia mchanganyiko wako kwa mwiko, usukume hasa usibaki upepo ndani, sawazisha na pembeni.

Hapa kama umemuita fundi mwangalie, maana fundi wetu kazi nzuri kwake ni ile inayong'aa, atataka akupigie niru, ule uji wa simenti tupu wa kulainishia juu, bakuli liteleze kama sakafu ya sebule. Mwambie hapana. Ndege anataka pa kushika na vidole vyake, akiteleza haogi, anakunywa kwa woga na kuondoka. Kiraka kikianza kushika pitisha sponji yenye unyevu au brashi ubaki mkwaruzo mdogo. Na rangi ya mafuta ndani ya bakuli usipake, inabanduka vipande na ndege anavinywa na maji.

Baada ya hapo ni kumwagilia tu. Simenti haigandi kwa kukauka, inaganda kwa kukutana na maji, kwahiyo liweke kivulini, funika kwa gunia bichi na nailoni juu, mwagilia asubuhi na jioni siku 7. Jua letu la saa saba mchana likikipata kiraka siku ya kwanza kimekwisha.

Zikiisha hizo siku 7 jaza maji upime kama linavuja, na weka ndoo ya maji pembeni yake, weka alama kwenye vyote viwili. Kesho yake kama vimepungua karibu sawa hiyo ni jua tu, bakuli likishuka zaidi bado kuna tundu. Ila ndege wasubiri kwanza, simenti mpya inatoa chokaa kwenye maji, ni kali kwao. Jaza, acha siku nzima, mwaga mbali na maua, rudia kama wiki hivi huku umefunika kwa wavu.

Kuliweka pia kuna namna yake. Mguu ukae kwenye tofali la pevingi lililosawazishwa, maji yenyewe yatakuonesha kama limelala upande. Kina cha maji sentimita 2 mpaka 5 tu, kama bakuli lina shimo refu weka mawe bapa. Kivuli kidogo ni kizuri, ila lisikae kabisa kwenye kichaka paka akajificha.

Na mbu usiwasahau, Dar tumeona homa ya dengue mwaka 2014 na 2019, na yule mbu wake mweusi mwenye madoa meupe anapenda vyombo vidogo kama hivi. Mayai yake anayagandisha kwenye ukuta wa chombo juu kidogo ya maji na yanavumilia ukavu miezi, kwahiyo kumwaga tu haitoshi. Kila baada ya siku 2 mwaga, sugua ukingo wote kwa brashi, weka mengine. Kunguru wakishalijua wataleta mifupa na ugali wao kuloweka humo, hapo itabidi ubadilishe kila siku, asubuhi mapema kabla tetere na shore hawajafika.