Somo: Kukokotoa tungamo za kwakoniamu bila kuusahau uhusianifu

Somo hili ni la wale waliokwisha kutatua mlinganyo wa Schrödinger kwa atomu ya haidrojeni, na sasa wanataka kukokotoa tungamo za kwakoniamu, yaani chembe zilizoundwa na kwaki nzito na antikwaki yake, mfano wake ukiwa J/psi iliyogunduliwa mwaka 1974 huko Brookhaven na Stanford, Marekani. Kasi ya mwanga tunaihesabu kuwa 1, na tungamo, momenta na nishati zote ziko katika GeV.

Hatua ya kwanza ni kuchagua potensheli. Ile ya Cornell inatosha kuanzia: −4α/3r, inayofanana na ya umeme, pamoja na σr, inayoongezeka kadiri kwaki zinavyoachana. Hapa r ni umbali kati ya kwaki na antikwaki, α ni ukubwa wa kani inayozishika, na σ ni mkazo unaozivuta zikiachana. Weka σ karibu na 0.18 (GeV²).

Hatua ya pili ndiyo kiini cha somo, na naomba usiipite haraka. Wengi huandika nishati ya mwendo kuwa p²/2m kwa sababu ndivyo walivyozoea. Kwa uhusianifu, yaani nadharia ya Einstein ya mwendo wa kasi kubwa, nishati ya kwaki ni kipeuo cha pili cha m² + p², ambapo m ni tungamo na p ni momenta. Chukua kwaki chamu yenye tungamo 1.5 na momenta 0.8. Kipeo cha pili cha 1.5 ni 2.25 na cha 0.8 ni 0.64, jumla ni 2.89, na kipeuo chake cha pili ni 1.7 kamili. Kwa hiyo kwaki na antikwaki zina 3.4. Kwa njia ya mazoea unapata 3 + 0.64/1.5, yaani 3.427. Umekosea kwa MeV 27 (GeV 1 ni MeV 1,000). Kwaki botomu ya tungamo 4.8 na momenta 1.3 inakupa kosa la MeV 6 tu. Chamu hii inakwenda kwa 0.8/1.7, karibu nusu ya kasi ya mwanga! Wapo wanaolifidia kosa hilo kwa kurekebisha tungamo la kwaki mpaka jibu likubaliane na vipimo. Siiungi mkono njia hiyo, kwa kuwa kosa hukua pamoja na momenta, na ukilisawazisha kwa J/psi litajitokeza upya kwenye hali za juu.

Hatua ya tatu: kukokotoa kipeuo chenyewe. Andaa matriki ya p² kwa kutumia mawimbi ya msingi, kwa mfano yale ya chembe iliyofungwa kwenye spiringi, igeuze ibaki na namba za ulalo peke yake, ongeza m² kwa kila namba, chukua vipeuo, kisha irudishe kwenye msingi wa awali, uizidishe kwa 2 na kuijumlisha na potensheli. Anza na mawimbi 20, halafu 30. Desimali ya tatu ikisogea, bado hujamaliza.

Hatua ya nne ni spini. J/psi na eta-c zote zimeundwa na kwaki chamu na antikwaki yake, lakini J/psi ina MeV 3,097 na eta-c MeV 2,984. Pengo hilo la MeV 113 linatokana na spini za kwaki kuelekea upande mmoja au kupingana. Neno la spini katika mlinganyo hufanya kazi mahali kwaki zinapokutana tu, nawe ulitandaze kidogo kwenye nafasi inayozunguka, kama walivyofanya Godfrey na Isgur mwaka 1985, la sivyo eta-c itaporomoka bila kikomo.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, kwa nini tusitumie mlinganyo wa Dirac moja kwa moja?

Jibu: Mlinganyo huo ni wa chembe moja iliyo ndani ya uga wa nje. Unafaa kiasi pale kwaki moja ni nzito sana na nyingine nyepesi, lakini hapa zote mbili zina uzito sawa. Msingi wa kweli wa chembe mbili ni mlinganyo wa Bethe na Salpeter wa mwaka 1951. Ukichukulia kwamba kani hufika papo hapo, ukaacha spini na hali za nishati hasi, unabaki na kipeuo cha hatua ya pili.

Swali: Nimefuata hatua zote, lakini X(3872) haikai mahali pake. Nimekosea wapi?

Jibu: Huenda hujakosea popote. Chembe hiyo, iliyotangazwa na kundi la Belle mwaka 2003, imekaa karibu kabisa na jumla ya tungamo za mesoni D na D* zisizo na chaji (chembe zenye chamu moja na mwenza mwepesi), na matriki yako haina nafasi ya mesoni hizo. Itakubidi uongeze safu zake na kuziunganisha na zile za kwaki.