Mafua yameisha, harufu haijarudi: jinsi ya kuizoeza pua

Pua imezibuka, pumzi inapita vizuri, lakini chai ya tangawizi hainukii. Mara nyingi hitilafu iko juu kabisa ndani ya pua, karibu usawa wa macho. Huko kuna kiraka kidogo cha utando, kama stempu, chenye neva zinazonasa harufu na kupitisha nyuzi zake kwenye vitundu vya mfupa mwembamba hadi ubongoni. Virusi vikiuchubua utando huo, harufu hukatika. Neva hizo huzaliwa upya, ila polepole.

Jipime kwanza. Bana pua, tafuna punje za iliki kwa sekunde 10, kisha achia pua huku ukitoa pumzi. Aliye mzima hupata iliki ikimjaa ghafla, kwa sababu harufu hupanda kutoka kooni. Usijipime kwa pilipili wala dawa ya kuchua yenye mentholi: mwasho na ubaridi hubebwa na neva nyingine ya uso, kwa hiyo hata asiyenusa kitu atashtuka.

Zoezi lenyewe lilijaribiwa na mtafiti wa harufu Thomas Hummel na wenzake huko Dresden, Ujerumani, wakachapisha matokeo mwaka 2009: waridi, mkaratusi, limau na karafuu, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Nyumbani tumia vichupa vinne vyenye vifuniko. Karafuu 10 ziponde kidogo kwenye kinu. Nzima hazitoi harufu ya kutosha. Limau ni ganda lililokwanguliwa, libadilishe kila baada ya siku mbili, maana likikauka unanusa chupa tupu. Majani ya mkaratusi yafikiche. Marashi ya waridi yadondoshee kwenye pamba.

Sogeza kichupa karibu na pua, usiiguse, unuse kwa vuta fupifupi kwa sekunde 10 hivi. Pumzi ndefu ya kawaida hupita chini zaidi kuelekea kooni. Vuta fupi ndizo zinazopandisha hewa hadi kwenye kile kiraka. Wakati unanusa, ikumbuke harufu yenyewe: pilau, karafuu zilizoanikwa kwenye mikeka Pemba. Pumzika nusu dakika kabla ya kichupa kingine, kwani pua huchoka haraka. Kwenye mkaratusi, ubaridi usiuhesabu kuwa harufu.

Wengi huacha wiki ya tatu kwa kuona hakuna kitu. Ni mapema mno. Wengine hukata tamaa kahawa inaponuka kama kitu kilichoungua. Hiyo hutokea neva mpya zinapokuwa bado hazijaunganika sawasawa, na zoezi huendelea.

Kwa kipindi hiki chote, mtu mwingine anuse maziwa na mtungi wa gesi. Na kama harufu ilipotea baada ya kugonga kichwa, au tundu moja tu limeziba na linatoa damu, achana na vichupa, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo.