Kabati juu ya mashine ya kufulia: mkono ufike bila kigoda

Makabati mengi ya kufulia ninayoitwa kurekebisha hayana kasoro ya useremala. Yamefungwa juu mno, basi. Fundi alilinganisha na dari akaenda zake, na anayefua akabaki kupanda kigoda kwenye sakafu yenye povu, dumu la sabuni mkononi. Hiyo ni hatari, nami sitaki kuiona nyumbani kwa mtu.

Hatua ya 1. Mpime anayefua. Asimame mbele ya mashine ikiwa mahali pake, anyooshe mkono mpaka aguse ukuta bila kujiinua kwa vidole vya miguu. Weka alama ya penseli. Usimpimie ukuta mtupu, kwa sababu mashine yenye kina cha sm 60 hivi humrudisha mtu nyuma na mkono hauendi juu kama kawaida. Rafu ya kila siku ikae chini ya alama hiyo kwa sm 10, kwani kugusa kitu na kukishusha kikiwa kizito ni mambo mawili. Kwa anayetumia kiti cha magurudumu, kabati liwe pembeni ya mashine, na rafu isizidi sm 120 kutoka sakafuni.

Hatua ya 2. Kama mashine inafunguka juu, inua mfuniko hadi mwisho. Sakafu ya kabati iupite kwa sm 5. Hapa ndipo vipimo viwili hugombana: mfuniko unataka kabati juu, mkono unalitaka chini. Mkono ndio ushinde. Hamishia kabati ukuta wa pembeni. Koki ya maji na soketi zisifunikwe.

Hatua ya 3. Tumia marine board (plaiwudi inayostahimili maji), kina sm 30. MDF, yaani ubao wa nyuzi za mti zilizogandamizwa, ikilowa kingo huvimba. Paka vanishi kila ukingo uliokatwa, hata wa nyuma usioonekana.

Hatua ya 4. Usitoboe juu wala chini ya soketi kwa mstari ulionyooka. Nyaya hupita humo. Kwenye tofali la saruji, toboa kwa biti ya mm 8, tia fisha (vishikizo vya plastiki vya skrubu) za mm 8 na skrubu za mm 5 kwa 70. Plasta haibebi mzigo, kwa hiyo fisha ipite plasta izame kwenye tofali lenyewe. Puliza vumbi lote tunduni, la sivyo fisha itateleza. Kuta za mawe ya matumbawe, kama za nyumba za zamani Mombasa na Unguja, ni laini: zima mpigo wa nyundo (hammer) wa drili, tumia fisha ndefu, na skrubu za chuma kisichoshika kutu.

Hatua ya 5. Funga kwanza ubao wa muda ukutani, ulionyooshwa kwa pimamaji, kabati likae juu yake mnapokaza skrubu, watu wawili. Kisha lipakie madumu ya maji, uliache usiku kucha kabla ya kuutoa ubao.

Hatua ya 6. Vizito chini, vyepesi juu. Kwenye nyumba yenye watoto, mlango mmoja uwe na kufuli kwa ajili ya Jiki, ibaki kwenye chupa yake na si ya soda. Dawa ya choo yenye asidi iwekwe kabati jingine kabisa, maana zikivuja zikachanganyika hutoa gesi ya klorini.