Somo: Kupanga matumizi ya kila siku ukikaa Dar mwezi mzima

Wakuu, somo hili ni la anayekuja Dar es Salaam kikazi, kimasomo au kuuguza mgonjwa, si la anayekuja harusini wikiendi. Mfano wangu ni laki tisa kwa siku 30. Weka takwimu zako, hesabu ni ileile.

Hatua ya 1: Toa kwanza visivyoguswa
Ukigawa laki tisa kwa 30 unapata 30,000 kwa siku, na utajiona tajiri mpaka mwenye gesti agonge mlango. Toa nauli ya kurudi kwenu (tuseme 60,000), dharura 90,000, chumba 300,000. Inabaki 450,000. Hiyo ndiyo ya kugawa: 15,000 kwa siku.

Hatua ya 2: Chumba kipimwe kwa nauli
Hapa ndipo wengi huumia. Mtu anapata chumba cha bei chee Chanika, shughuli zake ziko Posta, katikati ya mji. Anaunga magari kwenda, anaunga tena kurudi, na siku foleni ikimkaba anaita bodaboda. Safari moja ndefu ya bodaboda inameza chakula cha kutwa. Mwenye shughuli katikati ya mji aangalie kwanza Magomeni au Manzese, kando ya Barabara ya Morogoro, ambako mwendokasi (mabasi yaendayo haraka) una njia yake. Kabla hujalipia, chukua nauli ya kwenda na kurudi, zidisha kwa siku za kazi, jumlisha na bei ya chumba. Linganisha vyumba kwa jumla hiyo, si kwa bei aliyokutajia dalali.

Wa masika waongeze fungu la usafiri. Maji yakijaa Jangwani, bonde ambalo mwendokasi hulipita ukienda mjini, huduma husitishwa, kila mtu anageukia bodaboda, na bei inapanda mkiwa mmesimama pale pale.

Hatua ya 3: Siku hazilingani
Siku 22 za kazi ziwekee 13,000, zile nane za mapumziko 20,500. Jumla ni 450,000 ileile, ila Jumamosi unaweza kwenda Kigamboni kula samaki bila kuiba ya Jumatatu.

Hatua ya 4: Chakula na maji
Mchana kwa mama ntilie, asubuhi chai na chapati, basi. Kinachovuja kimyakimya ni maji: kwa joto la Dar, chupa ndogo za barabarani ni pesa. Nunua dumu kubwa liwe chumbani, utoke na chupa yako imejaa.

Hatua ya 5: Toa pesa mara moja kwa wiki
Wakala wa pesa za simu anakukata kila unapotoa, kwa hiyo vijisenti vya kila siku vinakula makato kila siku. Toa ya wiki, ifiche, tembea na ya leo tu. Ukizidisha Jumanne, fidia kabla ya Jumapili.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mimi nafikia kwa shangazi, chumba nifute kabisa?
Jibu: Usifute, punguza. Changia sukari na mchele, na umeme wa LUKU ukiisha usijifanye umelala. Kama shangazi yuko mbali na mji, rudia hatua ya 2. Unaweza kukuta gesti ya karibu haina tofauti kubwa. Ila hapo utaaga vipi ni juu yako, mkuu.

Swali: Si nipange chumba cha kawaida kuliko gesti?
Jibu: Kwa mwezi mmoja, hapana. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na dalali anadai ya mwezi mmoja juu yake. Nenda gesti, ongea na meneja bei ya mwezi kabla hujashusha begi.

Swali: Nauguza Muhimbili, sijui tutaruhusiwa lini.
Jibu: Pole sana. Usihesabu kwa mwezi, hesabu kwa wiki. Lipia chumba wiki moja moja, na dharura iwe nene kuliko ya mfano wangu, maana dawa na vipimo havisubiri. Nauli ya kurudi weka ya wawili.